Mkataba wa Bahari Unaanzia Kitengela

Mvua kubwa ikinyesha Kitengela, Kaunti ya Kajiado, mitaro hufurika mara moja. Maji hukokota chupa za plastiki, oili ya gereji, uchafu wa vyoo vilivyojaa na udongo wa viwanja vinavyochimbwa kila siku. Yote hayo huingia Mto Kitengela, kisha Mto Athi, ambao huteremka hadi Tsavo ukaitwa Galana, halafu Sabaki, na kumwaga maji yake Bahari Hindi, kaskazini mwa Malindi.

Pale mlangoni bahari huwa nyekundu kwa tope. Wakati wa kusi tope hilo husukumwa upande wa Ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikivuma, hushuka kusini na kufikia matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Tumbawe linahitaji mwanga, na tope huuziba. Naitrojeni na fosforasi za maji taka nazo hurutubisha mwani, ambao huota juu ya matumbawe na kuyasonga. Tena maji ya pwani yetu hayatulii: mkondo hutoka Tanzania, hupita kwetu, na msimu wa kusi huendelea hadi Somalia.

Kwa hiyo hakuna nchi inayoweza kuisafisha bahari hii peke yake. Ndiyo maana Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari hii ulitiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika 1996. Leo una wanachama kumi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na nchi za visiwa, na Ufaransa imo kwa sababu ya Réunion. Sekretarieti yake iko UNEP, Gigiri, Nairobi. Mkataba wenyewe umeweka misingi tu. Wajibu wa kina umo katika itifaki zake. Inayotugusa sisi ni ile ya Machi 2010 kuhusu uchafuzi unaotoka nchi kavu, ukiwemo unaoletwa na mito.

Ila anayesaini ni serikali ya kitaifa, ilhali Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kazi ya taka na huduma za maji taka. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, na nyumba nyingi hutegemea mashimo ya septiki yanayonyonywa na malori. Lori likishajaa, linakwenda kumwaga wapi? Kama kituo cha kusafishia maji taka kiko mbali na ada yake ni kubwa, mto uko karibu na ni bure. Faini pekee haitamzuia dereva huyo. Kinachohitajika ni kituo cha karibu, ada nafuu, na stakabadhi ya kila safari ambayo mwenye nyumba anaweza kuidai kabla ya kulipa.

Kenya inapotuma ujumbe wake kwenye mikutano ya Mkataba huu, ningependa kuona afisa wa maji taka wa Kajiado ameketi pamoja na wenzake wa Kilifi, kaunti iliko Malindi, na vipimo vya maji ya Mto Kitengela mkononi.