Akimtaja Mtu kwa Jina, Daktari Aambiwe

Mgonjwa wa akili akizidiwa usiku huku Mji wa Kale, hutiwa kwenye tuktuk na kaka, mjomba na jirani mmoja mwenye nguvu, wakashika njia ya Hospitali Kuu ya Pwani. Wakifika kwenye chumba cha dharura wote husimulia mamoja: halali siku ya nne, amevunja vioo, asema peke yake. Neno zito huachwa nyumbani. Kwamba amesema atamchinja shemejiye, na amesema mara tatu, hilo halitajwi. Ni aibu, na tena polisi waogopwa.

Daktari hutibu alichokiona na alichoambiwa. Mwenye fujo ya jumla, anayempiga yeyote aliye mbele yake, hupigwa sindano ya kutuliza na akilala hatari hupungua. Mwenye mtu wake aliyemlenga ni mambo mengine. Huyo aweza kuwa mtulivu kabisa, aitika salamu, ajua leo ni siku gani, na ndiye anayeruhusiwa mapema kurudi nyumbani.

Kisa kilichofundisha madaktari wengi duniani kilitokea California mwaka 1969. Prosenjit Poddar, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba atamuua msichana fulani. Mwanasaikolojia akawaarifu polisi wa chuo. Polisi wakamhoji, wakamwona ana akili zake, wakamwacha. Tatiana Tarasoff mwenyewe hakuambiwa, wala wazazi wake, na Oktoba mwaka huo akauawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba siri ya mgonjwa ina mpaka: mtu wa tatu akiwa hatarini, mtibabu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda.

Hapa tusikoseane. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio hupigwa, hufungwa kamba na kuibiwa. Kwa hiyo swali si kama mtu ni mwendawazimu. Swali ni: amemtaja nani, na amefanya nini kuhusu huyo aliyemtaja? Amemfuata sokoni? Amewahi kumpiga? Ameficha kisu? Ameacha dawa lini, na je, yuko kwenye unga, bangi au muguka? Aliyewahi kumpiga mtu ni wa kuchungwa kuliko anayepiga kelele tu. Daktari asipouliza, aliyemleta na aseme bila kuulizwa, tena kando, mgonjwa asisikie, na aombe iandikwe kwenye faili. Akihamishiwa kitengo cha akili cha Port Reitz, neno hilo liwemo kwenye barua anayokwenda nayo, kwa sababu zamu ya kule haikuwepo usiku ule.

Mashekhe wanaosomea wagonjwa nao husikia majina, pengine kabla ya daktari. Mara nyingi jina ni la bibi mzee wa jirani, kwamba ndiye aliyemroga. Hilo lisichukuliwe kama porojo. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na waliowaua wengine walikuwa na akili timamu kabisa.

Kuhusu polisi, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa 2022, humruhusu afisa kumchukua mtu anayeaminiwa kuwa na ugonjwa wa akili na kuwa hatari kwake au kwa wengine, ili afikishwe hospitali akatibiwe. Selo si tiba. Ukipiga simu kituoni, anza kwa kusema ni mgonjwa na ana silaha au hana.

Halafu iko siku ya kuruhusiwa, ambayo naona ndiyo tunayoizembea zaidi. Nyumba zetu zina mlango mmoja na ngazi moja, na aliyetajwa hulala ghorofa ya juu. Aambiwe kabla gari halijavuka Makupa kurudi kisiwani, na kama ana dada Kisauni au Likoni, akalale huko mpaka ijulikane kwamba dawa zanywewa na maneno yale yamekoma.