Jubilei za Ushirika na Dhahabu Isiyoandikwa

Mwenye kutaka kujua umri wa chama cha ushirika wa wachimbaji katika Kabambare, kusini ya Maniema nchini Kongo, hana budi kuuliza kwanza miaka yake huhesabiwa tangu lini, kwa maana jawabu hubadilika kwa kadiri ya anayejibu na ya anachokitafuta: wako wanaohesabu tangu siku wazee wa karyeri, yaani machimbo, walipoketi pamoja wakachagua mwenyekiti, wako wanaohesabu tangu siku wizara ilipotia muhuri wake, na wako, nao si haba, wanaohesabu tangu mwaka wowote ule utakaowaletea jubilei karibu zaidi. Watu wa tijara hawalichukulii jambo hili kuwa mzaha. Umri ni dhamana. Zone ya uchimbaji inapogawanywa, au mnunuzi wa mbali anapouliza mali imetoka mikononi mwa nani, chama chenye miaka kumi na mitano husikilizwa kabla ya kile kilichozaliwa juzi, hata kama wanachama ni wale wale na shimo ni lile lile.

Miaka yenyewe ina asili nyingi. Dola ya Zaire ilimruhusu raia kuchimba dhahabu kwa mkono mnamo Novemba 1982. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 ikamwekea mchimbaji kadi ya mwaka mmoja mmoja. Kisha Septemba 2010 ikaja amri iliyosimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Maniema na katika Kivu mbili hadi Machi 2011, na ni katika miezi ile ya dhiki, maduka ya mapori yalipofungwa na madeni yakabaki hayana mlipaji, ndipo wengi waliposhauriwa wajikusanye katika vyama kama walitaka kurejea mashimoni kwa amani. Mwaka uliofuata ulikuwa na mambo yake: sheria ya pamoja ya ushirika, ambayo mataifa kadhaa ya Afrika yenye kanuni moja ya biashara yaliipitisha mjini Lomé Desemba 2010, ikaanza kutumika Kongo tarehe 12 Septemba 2012, na vyama vya zamani vikalazimika kuandika upya katiba zao. Mwishowe marekebisho ya sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 yakaufunga mlango kabisa: asiyekuwa mwanachama wa ushirika uliokubaliwa hana haki ya kuchimba. Kwa hiyo chama kimoja chaweza kuwa na siku tatu za kuzaliwa, zote halali, na kila moja ikawa na faida yake.

Namna ya kuziadhimisha siku hizo imefuata ada za nchi, nazo ni ada kongwe. Kasongo ni mji ambao kabla ya vita vya Wabelgiji na Waarabu vya 1892 hadi 1894 ulikuwa makao ya biashara ya pembe, njia ya Ujiji ikipita Kabambare na kushuka hadi Lualaba, na hadi leo ndio kitovu cha Uislamu katika nchi yote. Basi haistaajabishi kwamba jubilei ya chama hupangwa kama vile Maulidi yapangwavyo, kwa kamati, kwa michango iliyoandikwa kwa majina, kwa mbuzi na kwa wali wa mpunga ule ule ulioletwa na watu wa pwani. Husomwa dua asubuhi. Padri naye huwa na misa yake ya shukrani, kwa kuwa wanachama ni wa dini zote mbili. Kisha huja gwaride la karyeri moja moja, wachimbaji mbele na koleo zao, kina mama watwangao mawe nyuma, ijapokuwa jasho lao ndilo huigeuza miamba kuwa unga. Kitenge cha jubilei, chenye alama ya chama na tarakimu ya miaka, hushonwa wiki mbili kabla, na aliyekosa fedha ya kukinunua hujulikana mchana kutwa. Hotuba huwa ndefu. Husifiwa sheria, husifiwa usalama, hutajwa shule iliyoezekwa na daraja la miti lililotengenezwa. Kilo hazitajwi.

Ukimya huo juu ya kilo ndio ulionifanya nimsikilize kwa makini mfanyabiashara mmoja wa kati, mmoja wa wale manegosian wanunuao dhahabu baina ya Salamabila na njia ya Lulimba, ambaye aliomba jina lake lisiandikwe kwa sababu kadi yake ya mwaka bado iko mezani kwa afisa. Manung'uniko yake ni marefu kuliko hotuba za jubilei, nayo nayaweka hapa kwa urefu wake, si kwa kuwa kila neno limethibitika, bali kwa kuwa kila aliyekaa naye katika kazi hiyo hutikisa kichwa kukubali.

Asema kwamba jubilei ni ushuru kama ushuru mwingine, ila huu hauna risiti. Yeye humkopesha pedeje, mwenye shimo, tangu siku ya kwanza: mchele, mafuta ya mawese, mpira wa kuvutia maji, mafuta ya pampu, dawa ya mtoto aliyeugua. Deni hulipwa kwa dhahabu, na kwa bei ambayo yeye hukiri kwamba huwa chini ya ile ya duka. Shimo likitoa, wote hupata. Shimo lisipotoa, mwezi ukapita na wa pili ukapita, yeye ndiye hulala na hasara, na hakuna sheria impayo haki ya kumdai mtu ambaye hana ila koleo. Juu ya hayo hulipa kadi, hulipa vizuizi vya njiani, kile cha haki na kile kisicho na haki, hulipa sehemu ya mkuu wa mahali na sehemu ya chama. Ikija kamati ya jubilei na daftari lake, hawezi kukataa, maana orodha ya waliochangia husomwa hadharani mbele ya wakubwa waliotoka Kindu, makao makuu ya mkoa, na anayekosekana katika orodha hiyo hukosekana pia siku ya kugawa nafasi ya kununua katika karyeri. Halafu, asema, wanachama wenyewe hawaoni hesabu. Chama hukata gramu kwa kila mzigo, husema ni ya maendeleo. Miaka kumi imepita, na yeye ameona kitenge kimoja, paa moja, na viongozi watatu waliojenga nyumba za matofali ya kuchoma.

Nilimuuliza ikiwa bei kubwa ya dunia haikumfariji. Akacheka. Dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi, yaani gramu 31.1, mnamo Oktoba 2025, nayo habari hiyo ilifika Salamabila siku ile ile kwa simu, hata mtoto wa mwenye kuosha mchanga akaijua. Kwa hiyo mchimbaji hukaza bei, ilhali huko mbele njia imevurugika tangu Bukavu iliposhikwa na waasi Februari 2025, na wanunuzi wakubwa waliohama wanakata kwa ajili ya hatari. Yeye yuko katikati, na katikati, kwa neno lake, pamekuwa pembamba. Mizani yake ndogo, yenye njiti za kiberiti kwa uzani wa vipande vidogo kabisa, haikubadilika. Faida ndiyo iliyobadilika.

Afisa mmoja wa idara inayohusika, ambaye naye hakutaka kutajwa, alinijibu kwa tarakimu. Asema kwamba mwaka 2022 dhahabu ya mikono iliyopitishwa rasmi kwa njia ya Kivu ya Kusini ilikuwa kilo arubaini na kitu, na mwaka 2023, kampuni yenye hisa za serikali ilipoanza kununua, ikapanda hadi zaidi ya tani 5. Hiyo, kwa maoni yake, ndiyo dalili kwamba vyama vimekomaa na kwamba jubilei zina haki yake. Tarakimu hiyo ni ya kweli, nami siipingi. Walakini inafundisha jambo lisilopendeza kwa Maniema: ikiwa mwaka mmoja dhahabu yaweza kuongezeka mara zaidi ya mia, wala hakuna aliyechimba mara mia zaidi, basi ile ya miaka iliyotangulia ilikuwa wapi? Jopo la wataalamu wa kimataifa katika taarifa yake ya mwaka 2014 lilikadiria kuwa asilimia 98 ya dhahabu ya mikono hutoka nchini kwa magendo, na wanunuzi wa Kampala, Bujumbura na Dubai hawakuwa siri kwa mtu. Fauka ya hayo, dhahabu ya Kabambare aghalabu hushuka kwa Misisi na Lulimba hadi Ziwa Tanganyika, na huko, ikiandikwa, yaweza kuandikwa kuwa mali ya Kivu ya Kusini. Mkoa uliotengwa na Kivu mwaka 1988 ili ujihesabie mapato yake wenyewe bado unahesabiwa katika daftari la jirani.

Afisa hakukataa. Akaongeza tu kwamba sheria ya 2018 hugawa mrabaha asilimia 25 kwa mkoa na 15 kwa serikali ya mahali, na kwamba watu wawe na subira. Huo mgawo wahusu mrabaha unaolipwa na makampuni yenye leseni, na hapo ndipo mazungumzo yake yalipochechemea, kwa sababu kusini ya Maniema leseni kubwa ya dhahabu ni ile ya Namoya, kilomita za mraba 174, na habari yake si ya kushangilia. Wabelgiji walichimba huko. Kampuni kubwa iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ikarithi, ikadhoofishwa na kuanguka kwa bei ya bati mwaka 1985, kisha ikafa katika machafuko ya miaka ya 1990. Watu wa Salamabila wakaingia wenyewe katika vilima vya Mwendamboko, Kakula na Muviringu. Mgodi wa mashine ulipotangaza kuanza uzalishaji wa biashara mnamo Januari 2016, wachimbaji waliokuwa juu ya vilima hivyo waliambiwa kwamba hawakuwa na haki tena. Wenye silaha wakajipatia sababu ya kufunga njia na kuteka wafanyakazi. Mwaka 2019 kazi ikasimama. Mwekezaji akaondoka baada ya miaka isiyotosha hata jubilei ya shaba.

Kwa upande huu nawaelewa wanachama wa ushirika wanaoshangilia tu kule kuwako kwao. Makampuni yamekuja na yamekwenda, wao wamebaki, na kubaki katika Kabambare ni kazi. Ila hapo hapo ndipo shaka yangu: kubaki juu ya ardhi gani? Sheria inawataka wachimbe katika zone za wachimbaji wa mikono, na zone hizo ni adimu kuliko vyama. Vilima vyenye mali vimefunikwa na leseni za makampuni, hata zile zilizolala. Chama kinachosherehekea miaka kumi kwa muhuri halali kinaweza kuwa kimetumia miaka yote kumi juu ya kilima ambacho si chake. Viongozi walijua, wizara ilijua, na meza kuu siku ya sherehe ilipambwa kwa maua.

Kasongo penyewe mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu mji huishi kwa biashara ya mpunga, mafuta ya mawese na nguo kama ilivyoishi zamani, na madini huufikia kwa mkopo: mwenye duka hutoa bidhaa kwa pedeje wa mbali, hungoja. Jubilei kwake ni msimu mzuri. Huuza kofia, huuza fulana, huuza vitenge, na hulipwa taslimu, jambo ambalo karyeri haimfanyii. Niliwasikia wenye duka wawili wakitamani vyama viwe vingi zaidi.

Kuhusu miaka ijayo, wenye kazi hawakubaliani, nami sioni sababu ya kuwakubalisha kwa nguvu. Wako wanaosema bei ikidumu juu, mitaji itarudi Namoya, na mtu atakayekuja atalazimika kuzungumza na vyama, kwa kuwa sheria ya sasa yampasa atenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya jamii; wako wanaosema atakuja na askari kwanza na mazungumzo baadaye. Njia ya ziwani ikifunguka, dhahabu yaweza kuandikwa zaidi. Isipofunguka, itatafuta njia nyingine, na njia nyingine haina forodha. Mfanyabiashara wangu, kwa mfano, amekwisha kuanza kupeleka mzigo mdogo mdogo upande wa reli, kwenye mstari wa Kongolo, ambako asema vizuizi ni vichache ingawa safari ni ndefu. Kadi yake ya mwaka bado haijatoka. Mchango wa jubilei ameulipa, nusu kwa franka na nusu kwa dhahabu, na kamati imemwandikia jina lake katika ukurasa wa pili wa orodha, chini ya wale waliolipa kwa dola.