Udereva wa lori: Hesabu za kupiga kabla ya kuuza ng'ombe

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta bei za kahawa, maharage na ndizi. Ni nadra kukuta humu bei ya mikono inayoyafikisha mazao hayo sokoni. Wiki hii tunaiangalia bidhaa hiyo: udereva wa lori, kazi ambayo vijana wengi wa Karagwe na Kyerwa waliochoka na jembe au bodaboda wanaitazama kama njia ya kubadili maisha.

Uamuzi huu si mdogo kwa familia ya mkulima. Ada ya chuo, nauli na chakula hutoka kwenye ng'ombe aliyeuzwa. Wengine hudiriki kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa mtindo wa butura, ambao serikali imeupiga marufuku kwa sababu humwacha mkulima mikono mitupu wakati wa mavuno. Kijana anayelipiwa ada kwa njia hiyo ni mwekezaji kama mwekezaji mwingine yeyote, na mwekezaji hana budi kujua ananunua nini.

Jibu letu ni fupi. Leseni peke yake haina soko. Kinachouzika ni uzoefu, nao hupatikana kwa muda. Anayetenga fedha za ada bila kutenga fedha za kuishi katika muda huo amenunua nusu ya bidhaa.

Mzigo upo

Wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zipo zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam. Reli haifiki. Meli huishia Bukoba na Kemondo. Kwa hiyo saruji, mabati, sukari, mafuta na mbolea huingia kwa lori, na mazao hutoka kwa lori.

Wenye mizigo wamebadilika mara kadhaa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kahawa ilinunuliwa na vyama vya ushirika. Msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa, na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na magari yao. Mwaka huohuo wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa maelfu, na malori ya chakula cha misaada yakawafuata. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa irudi kukusanywa kupitia ushirika, ambao hapa kwetu ni vyama vya msingi na chama kikuu cha KDCU. Mnunuzi alibadilika, lakini gunia liliendelea kuhitaji gari.

Njia nazo zimekuwa bora. Kipande cha Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, kina lami. Daraja jipya na kituo cha huduma za pamoja mpakani Rusumo vilizinduliwa mwaka 2016, na kituo kama hicho cha Mutukula kikazinduliwa mwaka 2017. Kyerwa ina mlango wake wa Murongo, unaovuka mto Kagera kwenda Kikagati, Uganda.

Hata hivyo mzigo una msimu. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, na baada ya hapo magari hugombea kilichobaki. Jambo la pili ni mzigo wa kurudia. Lori lenye trela hunywa takribani lita 40 hadi 50 za dizeli kwa kilomita 100. Safari ya kilomita 1,300 ni zaidi ya lita 500 kwa upande mmoja. Tajiri ambaye gari lake linarudi tupu anachoma mafuta hayo bila malipo, na mtu wa kwanza kubanwa ni dereva. Kwa hiyo, unapotafuta kazi, usiulize mshahara tu. Uliza gari linabeba nini kwenda na nini kurudi.

Ngazi za leseni

Utaratibu unaanza na leseni ya mwanafunzi, daraja H, kwa aliyefikisha umri wa miaka 18. Baada ya mafunzo, mwanafunzi hupimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato, ambako atahitaji namba ya mlipakodi. Tangu mwaka 2019 leseni hudumu miaka mitano na ada yake ilipangwa kuwa shilingi 70,000. Ukilinganisha na gharama nyingine, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote.

Daraja D huruhusu magari madogo ya kawaida, siyo magari mazito wala ya abiria. Lori kubwa huhitaji daraja E. Mwenye E hana ruhusa ya kubeba abiria kwa biashara, lakini akikaa nayo miaka isiyopungua mitatu anaweza kuomba daraja C la mabasi ya abiria 30 na zaidi. Hivyo E ni ngazi ya kazi mbili, na hilo linafaa kuingizwa katika hesabu.

Mafunzo hutolewa na vyuo vya VETA, shule binafsi zilizosajiliwa, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam, NIT, kilichoanzishwa mwaka 1975. Shule inayokuahidi leseni bila kukuweka kwenye usukani wa gari zito inakuuzia karatasi.

Chuo au utingo?

Njia ya zamani ni utingo. Kijana hupanda na dereva, hufunga turubai, hubadili magurudumu, hulala chini ya gari, na taratibu hujifunza. Faida yake ni kwamba hulipi ada, na unajuana na matajiri. Hasara ni kwamba hujifunza na makosa ya mwalimu, na wengi hupewa usukani kabla ya kuwa na leseni. Ajali ikitokea katika hali hiyo, bima inaweza kukataa kulipa, na kijana akajikuta mahakamani.

Njia ya chuo hutoa leseni mapema, lakini mhitimu hukuta mlango umefungwa. Tajiri mwenye gari la mamilioni hataki mikono mipya. Njia inayofaa wengi ni kuziunganisha zote mbili: pata D, endesha magari madogo kati ya vijiji na Omurushaka au Kayanga, fanya kazi ya utingo kwenye lori msimu wa kahawa, kisha nenda chuoni kwa ajili ya E ukiwa tayari unafahamika. Ni njia ya miaka, si ya miezi.

Ufundi wenyewe

Nchi yetu ni ya milima, na hapo ndipo dereva hujulikana. Mteremko mrefu hauteremkwi kwa kukanyaga breki mfululizo, kwa kuwa hupata moto na kuacha kushika. Kanuni ni kuingiza gia nzito kabla ya mteremko kuanza, injini ilishike gari, na breki zikanyagwe kwa vipindi. Kabla ya safari hukaguliwa upepo wa breki, magurudumu, taa na kamba za mzigo.

Mengine ni sheria. Gari la zaidi ya kilo 3,500 halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake katika Afrika Mashariki ni tani 56, na kila ekseli ina kipimo chake, ndiyo maana gari lenye uzito halali kwa jumla laweza kukwama mizani kwa mzigo uliopangwa vibaya. Anayevuka Rusumo akumbuke kwamba Rwanda huendesha upande wa kulia.

Mkataba

Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini. Walipinga agizo la kurudi chuoni kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Dai hilo la pili ndilo linalomhusu kijana wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, na inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Michango ya NSSF ni haki ya mwajiriwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Anayeishi kwa posho ya safari tu hana vyote hivyo. Gari likilala gereji mwezi mzima, naye hulala bila kipato.

Hesabu ya mwisho

Kabla ya kuuza ng'ombe, andika mambo manne. Kwanza, ada na gharama za kuishi chuoni. Pili, kipato utakachokiacha, kiwe cha bodaboda au shamba. Tatu, akiba ya kukufikisha hadi utakapoaminiwa gari. Nne, majina ya watu watatu wenye magari ambao wamekubali, kwa kinywa chao, kukupokea kama utingo au dereva msaidizi.

Kama jambo la nne halina majina, ng'ombe abaki zizini kwanza. Kutafuta majina hayo hakuhitaji ada. Kunahitaji kushinda msimu mmoja kwenye maghala ya kahawa, ukipakia na kuuliza.