Mvua Haioshi Kila Kitu

Kila mvua za kwanza zinapokaribia, swali huwa lile lile: zikishanyesha, moshi wa mashamba na majalala si utakwisha? Anayeuliza huwa keshajijibu. Anachotaka ni mtaalamu amuunge mkono. Siwezi kumuunga mkono. Mvua huosha vumbi, sehemu kubwa ya masizi, na gesi zinazoyeyuka majini kama dioksidi ya salfa. Ndiyo maana baada ya kunyesha milima huonekana vizuri, na macho yakishaona hivyo huamini kazi imekwisha. Lakini kaboni monoksaidi, ambayo kila moto wa nyasi na taka huitoa kwa wingi, karibu haiyeyuki majini kabisa. Matone hupita katikati yake na kuiacha ilivyo. Isitoshe, wingu la radi halinyeshi tu, linavuta pia: hufanya kazi ya dohani, likinyonya hewa ya joto kutoka chini na kuifikisha kilomita 12 au zaidi kwa muda usiozidi saa moja. Kwa hiyo mvua ile ile inayosifiwa kwa usafi ndiyo inayopandisha uchafu usioosheka hadi zinakopita ndege za abiria, na huko upepo huusafirisha kuvuka bara na bahari.

Ushahidi upo wa miaka mingi. Mwaka 1990 mtafiti Jack Fishman na wenzake, wakitumia vipimo vya setilaiti, walionyesha ozoni nyingi, gesi inayoweza kutokana na gesi za moshi, juu ya Atlantiki ya Kusini, kati ya Brazili na Angola, ikifikia kilele Septemba na Oktoba. Baharini pale hakuna viwanda wala magari. Mwaka 1992 NASA ilipeleka ndege ya utafiti, katika mradi wa TRACE-A, kwenda kupima. Moshi wa savana za kusini mwa Afrika ulikuwa ukielekea baharini katika tabaka za chini. Wa Brazili ulikuwa umenyanyuliwa na mawingu ya radi, na gesi zake zikawa zinatengeneza ozoni njiani kwa nguvu ya jua.

Wapo wanaosema lawama ya ozoni hiyo ni ya radi, kwa kuwa nayo huzalisha oksidi za nitrojeni. Ni kweli, na mchango wake si mdogo. Ila oksidi hizo peke yake hazitoshi. Zinahitaji kaboni monoksaidi na gesi nyingine za namna hiyo, na moto huzileta tele. Wengine husema basi na ikae huko juu, hatuivuti. Hoja dhaifu. Ozoni iliyo karibu na kilomita 12 hunasa joto la dunia zaidi kuliko kiasi hicho hicho kikiwa ardhini, hudumu kwa wiki kadhaa, na hewa iliyopanda lazima ishuke mahali fulani, kwa watu wasiowasha hata kiberiti.

La kufanya linajulikana. Mabaki ya mavuno yafanywe mboji au malisho. Taka zisichomwe. Jiko la mkaa, ambalo nalo hutoa kaboni monoksaidi, lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Barakoa haizuii kaboni monoksaidi, hata iwe ya bei gani. Na maziwa yanayonywewa ili “kuondoa moshi kifuani” ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, mapafuni hayafiki.