Umeketi kando ya ziwa Kisumu, lakini samaki wako ametoka wapi?

UKIENDA Kisumu na urudi bila kula samaki, wenzako watakuuliza ulienda kufanya nini. Ndiyo maana Jumamosi mchana utaona vijana wamejaa kwenye tuktuk na bodaboda wakiteremka Dunga, ufuo ulio kilomita chache kutoka katikati ya jiji, ukishapita hifadhi ya swara ya Impala.

Mandhari yenyewe unayajua, hata kama hujawahi kufika. Meza za plastiki zimepangwa nje karibu na maji, mashua zimevutwa nchi kavu, mafunjo yanayumba kwa upepo, na spika moja inapiga ohangla kwa sauti ya kutosha meza tano. Jua likianza kuzama ziwani, kila mtu anatoa simu.

Kabla hujapiga picha ya sahani, nina swali moja: unajua huyo samaki ametoka wapi?

Usicheke. Kuketi kando ya ziwa hakumaanishi kwamba unachokula kimetoka humo. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Sehemu hiyo ndogo inategemewa na wavuvi wengi, viwanda, na sisi wageni wa wikendi wenye njaa. Ziwa limeshindwa kututosheleza, na pengo limezibwa kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni samaki wa barafu kutoka China. Mnamo Oktoba 2018, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alihoji hadharani kwa nini nchi yenye maziwa inaagiza samaki kutoka huko. Maneno yake yalizua mjadala mkali, lakini katoni hazikutoweka sokoni. Kwa mwenye kibanda ni hesabu ya kawaida: samaki wa katoni ni nafuu, wanapatikana kila siku, na hawategemei kama wavuvi walirudi na kitu au mikono mitupu.

Njia ya pili ni vizimba. Ukitazama ziwani kutoka fuo nyingi za Kisumu, Siaya au Homa Bay utaona fremu zinaelea juu ya maji. Chini yake kuna nyavu zenye ngege wanaolishwa hadi wafike saizi ya sahani. Samaki wa kizimba si samaki mbaya, na pengine ndiye atakayelipa ziwa nafasi ya kupumua. Ila naye ana hatari zake. Novemba 2022, wafugaji wa upande wa Kisumu walipata samaki wao wakielea, wamekufa kwa wingi, baada ya maji kupungukiwa na oksijeni. Mtaji wa miezi kadhaa ulioza kwa siku chache.

Njia ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi: samaki mchanga. Sheria hairuhusu mbuta avuliwe akiwa chini ya sentimita 50, kwa sababu bado hajazaa. Sasa fikiria wewe na mbogi yako mnataka samaki mzima wa bei ya chini. Mkiletewa mbuta mdogo wa kutosha mtu mmoja, mmepata bei poa, lakini mmekula mama wa samaki wa miaka ijayo. Mvuvi huleta kile ambacho kina mnunuzi.

Na usidhani ziwa limekuwa hivi tangu zamani. Mbuta mwenyewe ni mgeni, aliingizwa miaka ya 1950. Alipoongezeka sana miaka ya 1980, aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo waliokuwa chakula cha kila siku, zilipotea. Hata ngege unayemsifu leo kwa kawaida si yule ngege wa asili aliyekuliwa na babu zetu. Wengi ni wa jamii iliyoletwa miaka hiyohiyo ya 1950. Mbuta naye alijenga viwanda vya kukata minofu ya kuuza ng'ambo. Minofu ikipanda ndege, mifupa na kichwa hubaki Kisumu. Mtaani Obunga, wanawake huinunua, huikaanga na kuiuza. Wenyewe huiita mgongo wazi. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo ladha ya mbuta wanayoijua.

Basi ufanyeje? Usiache kwenda. Nenda, lakini nenda ukiwa na macho.

Kwanza, omba kuonyeshwa samaki kabla hajakaangwa. Si ukorofi, ndiyo desturi ya fuo hizi: samaki huchaguliwa akiwa mbichi, bei huzungumzwa hapo hapo, kisha unasema kama unamtaka mkavu au wa mchuzi. Samaki wa leo ana macho maangavu, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Macho yakiwa yameingia ndani na mashavu yamegeuka kahawia, huyo amelala siku nyingi.

Pili, uliza bila kuzunguka: "Mama, huyu ni wa ziwa, wa kizimba au wa barafu?" Anayeuza vizuri hatakasirika. Akikwambia ni wa kizimba, mlipe bei ya kizimba na ule kwa amani. Kosa ni kulipa bei ya ziwa kwa samaki wa katoni.

Tatu, kama mfuko ni mwepesi, changeni mnunue samaki mmoja mkubwa kuliko wadogo wanne. Ugali, sukuma wiki na kachumbari vitajaza nafasi. Au agiza omena. Ni nafuu na ni watamu wakikaangwa vizuri. Kumbuka tu kwamba uvuvi wao hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, kwa hiyo miezi hiyo usishangae bei ikipanda.

Nne, usimbane sana huyo mama anayekaanga. Wengi wao hawana mashua, na wanamtegemea mvuvi kila alfajiri. Samaki wakiadimika, ndipo jaboya inapostawi: mvuvi anadai mwili wa mwanamke kabla ya kumuuzia samaki. Huko Nduru, Nyakach, kikundi cha wanawake kiliamua kupata mashua zao wenyewe ili waondokane na aibu hiyo, na kikafaulu, hadi mafuriko ya 2020 yalipomeza ufuo wao. Kwa hiyo ile shilingi hamsini unayoipigania kana kwamba ni mtihani wa KCSE, yeye ameshaipigania kabla ya jua kuchomoza.

Najua ulikuja kula na kupiga stori, hukuja darasani. Lakini maswali haya yanachukua dakika mbili, na maji ya kunawa bado yanapashwa moto. Mteja mmoja akiuliza, mama anacheka. Wateja wa meza nzima wakiuliza kila wikendi, mwenye kibanda anaanza kumuuliza mvuvi, na mvuvi anaanza kufikiria ukubwa wa matundu ya wavu wake.

Samaki akifika, nawa mikono, weka simu chini, anza na upande wa tumbo ambako mafuta yako. Kichwa usikiache, mwachie anayejua kukila. Ukimaliza, mwambie mama "erokamano", kisha umuulize kesho mashua zinarudi saa ngapi. Ukiweza kuamka, njoo uzione.