Fahamu: Kikamba cha nani kinafundishwa shuleni?
Mtaala wa umilisi unataka watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao hadi Gredi ya 3, na kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali kukuza lugha za Wakenya. Lakini sheria hutaja lugha, haitaji lahaja. Kikamba cha vitabuni kimeegemea lahaja ya Masaku, yaani Machakos, si kwa kuwa inaishinda ya Kitui au ya Mumoni, bali kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa katika Biblia. Cheo kilitoka kwa mchapishaji.

Wapo wanaosema kuchapa vitabu kwa kila lahaja ni gharama, nao wana haki. Basi maandishi yabaki ya Masaku. Ila mwalimu wa Mumoni asimkosoe mtoto anayezungumza kama nyanya yake. Wanaohofia mgawanyiko wakumbuke kwamba Wakamba wa pande zote huelewana. Kinachotenga ni kumwambia mtoto amekosea lugha ya kwao. Wazazi, ulizeni shuleni: neno la Kitui kwenye insha ya Kikamba hupata alama au hukatwa?