Kazi ya Basketi: Inaanza Wapi na Inaisha Wapi?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, kila jioni kiwanja chetu cha basketi kinajaa. Ni jambo muzuri, na hakuna mutu mwenye analikataa. Lakini kuna maneno ingine yenye inatembea katika madarasa. Wenzetu watatu wa mwaka wa mwisho wanasema hawana tena haja ya kungojea Ekzameni ya Serikali, juu mutu mumoja wa mujini amewaahidi kuwapeleka Ulaya wakacheze basketi. Na huyo mutu anawaomba feza ya safari.

Mimi kapita sina uwezo wa kuwakataza. Ninataka tu kueleza ginsi hii kazi inaendaka, kusudi kila mutu achague akijua. Nitachukua mufano wa mutoto wa inchi yetu, Dikembe Mutombo.

1. Mwanzo wake

Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Mwanzoni alipenda mupira wa miguu, alikuwa golikipa. Ndugu yake njo alimusukuma kwenda kwenye basketi, kwa sababu ya urefu wake: alifika metre 2 na sentimetre 18.

Hata hivyo, hakutoka Kinshasa kama muchezaji. Mwaka wa 1987 alienda kusoma kwenye Université ya Georgetown, mujini Washington, kwa buruse ya serikali ya Marekani, na nia yake ilikuwa kuwa munganga. Mwaka wa kwanza hakucheza katika ekipe kubwa ya université; alikuwa anajifunza Kiingereza. Kisha John Thompson, mwalimu wa ile ekipe, akamuita. Akacheza sezoni tatu, huku akiendelea na masomo. Mwaka wa 1991 alipata diploma yake katika mambo ya lugha na diplomasia. Angalieni vizuri huo mupango: kwanza shule, halafu feza.

2. Namna wachezaji wanachaguliwa

Shirika kubwa la basketi kule Marekani, ndiyo NBA, liko na ekipe 30. Kila ekipe iko na fasi 15 za mikataba ya kawaida. Kwa hiyo ni watu karibu 450 tu katika dunia nzima. Kila mwaka ekipe zinachagua wachezaji wapya, moja kisha ingine, na majina hayapite 60. Ili jina lako litajwe unapaswa kutimiza angalau miaka 19 katika ule mwaka.

Mwaka wa 1991 Mutombo alichaguliwa wa ine, na ekipe ya Denver Nuggets. Alikuwa na miaka 25.

Sasa musikilize jambo hili. Ekipe yenye inakutaka njo inakulipa. Haikuombe wewe feza. Mutu mwenye anamusimamia muchezaji anachukua sehemu ndogo ya mushahara kisha mukataba kutiwa sahihi, siyo mbele. Na université za kule zenye ziko na ekipe kubwa zinauliza kwanza makaratasi yako ya shule. Basi mutu mwenye anakuambia «acha diploma, leta feza» amegeuza njia yote.

3. Kazi yenyewe kiwanjani

Wengi wetu tunafikiri kazi ya basketi ni kutia mupira ndani ya kikapu. Mutombo hakufikisha hata pointi 10 kwa mechi, tukihesabu mechi zake zote na kugawanya. Jina lake lilitoka kwa kuzuia, kile tunaita kontre.

Kontre iko na sheria. Unaweza kugusa mupira ukiwa bado unapanda. Ukishaanza kushuka kuelekea kikapu, hauguse. Ukigusa, wanahesabia adui pointi. Kwa hiyo muchezaji muzuri wa kontre haruke wa kwanza. Anangojea, anaangalia mukono wa mwenzake, halafu anaruka. Ile kazi inaomba akili na uvumilivu kupita nguvu.

Mutombo alifanya kontre 3.289. Ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake mwenye anamupita, na 3.830. Mara ine alipewa zawadi ya muzuiaji bora wa mwaka: 1995, 1997, 1998 na 2001. Kisha kontre alikuwa anatikisa kidole, kama muzee mwenye anakataza watoto. Wasimamizi wa mchezo wakakataza kumutikisia adui kile kidole, na yeye akaanza kuwatikisia watazamaji!

Mwaka wa 1994, Denver ilikutana na Seattle, yenye ilikuwa ekipe ya kwanza upande wao. Denver ilikuwa ya munane. Ikapoteza mechi mbili za kwanza, kisha ikashinda tatu. Katika hizo mechi tano Mutombo alifanya kontre 31.

4. Kuhamishwa na kuzeeka

Muchezaji hana nyumba ya kudumu. Ekipe inaweza kumubadilisha na muchezaji wa ekipe ingine bila kumuuliza. Mutombo alicheza Denver, Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York na Houston. Mara mbili alifika fainali, mwaka wa 2001 na 2003, na mara zote mbili alishindwa. Hakupata kombe hata siku moja.

Mwaka wa 2008, kule Houston, alikuwa na miaka 41 na anakaa kwenye banki. Yao Ming, Muchina murefu wa ile ekipe, akaumia katikati ya sezoni. Wakamuingiza Mutombo, na ekipe ikaendelea kushinda mpaka ikafikisha mechi 22 mufululizo. Mwaka wenye ulifuata, mwezi wa 4 wa 2009, goti lake likavunjika uwezo katika mechi ya Portland. Kazi ikaishia pale pale, kisha sezoni 18. Wachezaji wengi goti linawaacha mapema zaidi, na siku ile wanabaki na kile walijifunza tu.

5. Kile kilibaki

Mama yake Mutombo alikufa kwa kuwa hakuweza kufikishwa hospitali. Mutombo hakukuwa munganga, lakini alijenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300. Ilifunguliwa mwaka wa 2007. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Wagonjwa bado wanaingia mule.

Kusema kweli, siyo wote walipita njia moja. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliondoka kijana, akapitia Yemen, halafu Hispania, na akachaguliwa mwaka wa 2011. Jonathan Kuminga wa Goma alichaguliwa mwaka wa 2021. Yeye alienda Marekani angali mutoto, na alisoma sekondari kule. Njia ziko nyingi. Lakini hakuna hata moja yenye inafunguliwa na feza ya mutu usiyemujua.

Kwa hiyo, wandugu watatu, mbele ya kutoa hata franga moja, mumuulize yule mutu: ekipe inaitwa nani? Barua yao iko wapi, na nani aliitia sahihi? Kule tutasoma shule gani? Goti likiumia, nani atalipa munganga? Mwalimu wa michezo amekubali kusoma kila karatasi yenye mutaleta.

Na Ekzameni, tunaiandika wote pamoja. Kiwanja kinabaki wazi kila siku kutoka saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Nyuma ya pale, tukutane ndani ya darasa.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho